Bendera za Majini: Nani Apite, Nani Angoje



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu pamoja na wazazi, sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tunajulikana kwa milima, migomba na kahawa. Bahari wengi wetu tunaisoma vitabuni tu. Hata hivyo, maji hayako mbali nasi. Mto Kagera ndio mpaka wetu na Rwanda kwa upande wa magharibi, na Uganda kwa upande wa kaskazini, na wapo wanaouvuka kwa mitumbwi. Jamaa zetu wengi wamesafiri kwa meli kutoka Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza. Vijana wetu wanaokwenda kusoma Dar es Salaam au Unguja nao hupanda vivuko na boti.

Katika safari hizo mtu huona bendera za rangi mbalimbali juu ya mlingoti wa meli. Wengi hudhani ni mapambo, kama vile tunavyoipamba madrasa siku ya mahafali. Ukweli ni kwamba nyingi ya bendera hizo ni maneno. Zinasema nani apite, nani angoje na nani yuko hatarini. Katika makala haya tutaeleza jinsi vyombo vya majini vinavyoongozwa kwa ishara katika njia nyembamba. Kisha tutalitazama ziwa letu wenyewe, maana jambo hili kwetu ni la uhai na mauti.

MFANO WA BARABARANI

Tuanze na jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amelishuhudia. Barabara inapotengenezwa, upande mmoja hufungwa na magari yote hubakiwa na njia moja. Hapo husimama vijana wawili, mmoja huku na mwingine kule, wakiwa na bendera nyekundu na za kijani. Huyu akiinua ya kijani, yule huinua nyekundu. Magari ya upande mmoja hupita, kisha zamu hubadilika.

Zingatieni mahali wanaposimama vijana hao. Hawasimami katikati ya njia nyembamba, bali husimama mwanzoni mwake, kila mmoja kwenye ncha yake. Sababu ni nyepesi. Malori mawili yakishakutana uso kwa uso katikati, bendera haina msaada tena. Lazima mmoja arudi nyuma, na kama nyuma yake kuna foleni, hapo pana kazi kubwa.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya ishara, na tunaomba wanafunzi waishike vizuri: ishara hutolewa kabla ya mahali pa hatari, ili anayeiona awe bado na nafasi ya kuchagua. Majini kanuni hii ina uzito mkubwa zaidi kuliko barabarani.

KWA NINI MELI HAIWEZI KUNGOJA KATIKATI

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini meli mbili zisikutane tu, moja ikasimama pembeni na nyingine ikapita? Majibu ni matatu.

(a) Meli haina breki. Gari hushikwa na matairi yanayokamata barabara, lakini meli inaelea. Meli kubwa iliyosheheni mizigo, hata injini ikizimwa, huendelea kwenda mbele kwa uzito wake. Huenda ikahitaji kilomita kadhaa hadi isimame.

(b) Meli ikienda polepole mno haigeuki. Usukani wa meli ni bamba kubwa lililo nyuma, chini ya maji. Bamba hilo huigeuza meli kwa sababu maji yanapita juu yake kwa kasi. Mwendo ukipungua sana, maji hayalisukumi bamba vya kutosha, na meli huanza kuchukuliwa na upepo na mkondo. Kwa hiyo nahodha aliye kwenye njia nyembamba hawezi kupunguza mwendo apendavyo.

(c) Njia yenyewe ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Mtu aliye ufukweni huona maji mapana, akadhani meli inaweza kukwepa popote. Lakini meli kubwa huhitaji kina. Chini ya maji hayo mapana kuna miamba na mafungu ya mchanga, na sehemu yenye kina cha kutosha ni kama ushoroba tu.

Kwa sababu hizi, uamuzi wa nani aingie na nani angoje lazima ufanyike meli ikiwa bado nje, penye nafasi. Meli ikishaingia ndani, wakati wa kuamua umekwisha.

LANGO LA DAR ES SALAAM

Mfano mzuri katika nchi yetu ni mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Bandari ile iko ndani, na kutoka Bahari ya Hindi meli hupita katika njia nyembamba yenye kupinda. Meli kubwa huingizwa na kutolewa kwa zamu. Zinazosubiri hutia nanga nje, baharini.

Meli inapofika nje ya bandari hailekei ndani moja kwa moja. Humhitaji rubani. Siku hizi tukisikia neno hili tunafikiria ndege, lakini rubani alikuwa mtu wa bahari zamani kabla ndege hazijabuniwa. Ni mjuzi wa bandari husika, anayejua kila mwamba na kila mkondo wa pale. Meli inayomtaka huinua bendera yenye mistari ya njano na buluu iliyosimama wima. Rubani akishapanda, hushushwa hiyo na kupandishwa nyingine, nusu nyeupe na nusu nyekundu, maana yake: rubani yumo melini. Anayeitazama kwa mbali anajua kwamba chombo hiki sasa kimo katika mwendo wa kuingia au kutoka, na asikae mbele yake.

Jambo linalofanya lango hili liwe na shughuli nyingi ni kivuko. Vivuko vya kati ya Magogoni na Kigamboni hukata njia hiyohiyo ya meli, vikiwa vimebeba watu, magari, baiskeli na mikokoteni. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini watu wengi wameendelea kuvuka kwa maji. Aliyewahi kupanda kivuko pale huenda aliona chombo kikichelewa kuondoka bila sababu kujulikana, abiria wakaanza kunung'unika, kisha ikapita meli ndefu kama mtaa mzima. Sababu ndiyo hiyo. Kivuko kinaweza kungoja, meli haiwezi.

Hili si suala la mkubwa kumdharau mdogo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinasema wazi kwamba chombo chenye urefu wa chini ya mita 20 kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya njia nyembamba. Na chombo chochote kisikate njia hiyo kama kukata kwake kutaizuia meli ya namna hiyo. Anayeweza kungoja ndiye anayengoja. Huu ni uadilifu ambao hata mtoto mdogo anaweza kuuelewa.

LUGHA YA BENDERA

Tukija katika bendera zenyewe, mabaharia wa mataifa yote wana kitabu kimoja cha ishara. Kilianzia Uingereza mwaka 1857 kikiwa na bendera 18. Baadaye kilirekebishwa mara kadhaa, na mfumo unaotumika leo ulianza mwaka 1969. Una bendera 40: za herufi 26, za tarakimu 10, tatu za kurudia bendera iliyokwishapandishwa, na moja ya kujibu kwamba ujumbe umeonekana na kueleweka.

Rangi zake ni tano tu: nyekundu, buluu, njano, nyeusi na nyeupe. Rangi hizi zimechaguliwa kwa sababu jicho huzitofautisha kwa mbali. Kijani, ambayo vijana wa barabarani huitumia, humu haimo.

Faida kubwa ya lugha hii ni kwamba haihitaji lugha. Nahodha Mchina na nahodha wa Pemba wanaweza wasielewane hata neno moja kwa mdomo, lakini bendera moja wataisoma sawasawa. Tutaje zilizo muhimu:

1. Njano tupu (herufi Q): watu wa meli hii ni wazima, tunaomba ruhusa ya kuingia bandarini. Zamani rangi hii iliogopwa, kwa kuwa ilikuwa ishara ya ugonjwa na karantini.

2. Nyekundu tupu yenye mkato nyuma kama mkia wa mbayuwayu (herufi B): nimebeba, napakia au napakua vitu vya hatari. Ndiyo ipandishwayo na meli za mafuta zinapopakua.

3. Nyeupe na buluu, nayo ina mkato (herufi A): nina mzamiaji chini ya maji, kaeni mbali na mwende polepole.

4. Buluu yenye mraba mweupe katikati (herufi P): ikiwa bandarini, watu wote warudi melini, tunakaribia kuondoka.

5. Miraba minne ya njano na nyeusi (herufi L): simamisha chombo chako mara moja.

6. Miraba minne ya nyekundu na nyeupe (herufi U): unaelekea kwenye hatari.

7. Nyekundu na njano zilizogawanywa kwa mshazari (herufi O): mtu ameanguka majini.

Na meli ikipandisha bendera ya herufi N na chini yake ya herufi C, inasema: niko katika dhiki, naomba msaada wa haraka.

Tazameni tena bendera ya sita. Haisemi kwamba umegonga mwamba. Inasema unaelekea huko. Yaani bado una nafasi ya kugeuza.

MIPIRA, TAA NA HONI

Bendera ina udhaifu wake. Usiku haionekani, na pasipo upepo hulala. Kwa hiyo zipo ishara nyingine za kuisaidia.

Mchana hutumika maumbo meusi. Mpira mmoja mweusi mbele ya meli maana yake nimetia nanga. Mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, maana yake chombo hakiongozeki, kaeni mbali.

Usiku hutumika taa. Kila meli ina taa nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wake wa kulia. Mvuvi aliye gizani akiona nyekundu peke yake anajua meli inampita ikimwonyesha ubavu wa kushoto. Akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, basi meli inamjia yeye, na asingoje kufikiri mara mbili.

Honi nayo ni maneno. Mlio mmoja mfupi: nageukia kulia. Miwili: nageukia kushoto. Mitatu: injini zangu zinarudi nyuma. Mitano au zaidi: sielewi unataka kufanya nini. Huu wa mwisho ukisikika karibu na mtumbwi wako, ujue unaambiwa wewe.

Katika milango ya bandari nyingi duniani kuna taa tatu zilizopangwa wima. Nyekundu tatu, hakuna kuingia wala kutoka. Kijani tatu, ingieni, njia ni ya upande mmoja. Nyekundu tatu zikiwakawaka, kuna dharura kubwa, vyombo vyote visimame. Kabla ya taa hizo, bandari nyingi zilikuwa zikipandisha mipira na bendera juu ya mlingoti ulio pwani. Chombo kimebadilika, maana ni ileile. Siku hizi kuna redio pia, na mazungumzo mengi hupita huko, ila bendera na taa zimebaki kwa kuwa redio huweza kuharibika na maneno huweza kutoeleweka.

Jambo moja litawafurahisha wanafunzi. Barabarani Tanzania tunapita kushoto, na majirani zetu wa Rwanda wanapita kulia. Majini dunia nzima ni kulia. Meli mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia kwake, zikapishana kushoto kwa kushoto.

NJIA IKIZIBWA

Njia nyembamba ikikosa utaratibu, au ajali ikitokea ndani yake, hasara huwafika wengi wasiohusika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kwa miaka mingi meli zilipita kwa misafara, kundi likienda na jingine likisubiri mahali palipopanuliwa. Tarehe 23 Machi 2021 meli iitwayo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikiwa imekingama kutoka ukingo hadi ukingo. Ilichukua siku sita kuinasua, na mamia ya meli zilikuwa zikingoja pande zote mbili. Bidhaa za nchi nyingi, ambazo watu wake hawajawahi kuuona mfereji huo, zilichelewa.

ZIWA LETU

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kagera hakuna haja ya kutafuta mifano mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa inakaribia Mwanza. Idadi ya abiria iliyoruhusiwa kuchukua ilikuwa 430. Waliofariki wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Wengi wa wanafunzi wetu hawakuwa wamezaliwa, lakini wakiwauliza wazee wao watasikia majina. Allah awarehemu wote.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki walikuwa 228.

Huenda mtu akasema, ajali hizi zinahusiana nini na bendera? Zinahusiana sana. Namba ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo ni ishara kama bendera nyekundu ya barabarani. Vivyo hivyo na mstari wa kipimo cha maji uliopakwa ubavuni mwa meli, ambao Uingereza iliulazimisha kwa sheria mwaka 1876 baada ya juhudi kubwa za mbunge Samuel Plimsoll. Mstari huo ukizama chini ya maji, meli imejaa kupita kiasi. Yeyote aliye gatini anaweza kuuona, hata asiyejua kusoma.

Na hapa kanuni yetu ya mwanzo inarudi. Namba na mstari vinasomwa gatini, kamba ikiwa bado imefungwa. Pale abiria anaweza kushuka, karani anaweza kukataa kukata tiketi zaidi, na mkaguzi anaweza kuzuia safari. Katikati ya ziwa hakuna kati yao mwenye uwezo huo tena. Tiketi iliyozidi mia haikuzamisha chombo siku ilipokatwa, ndiyo maana aliyeikata hakuona ubaya.

Mtume wetu (s.a.w.) alitupa mfano wa watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Hadithi hii imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Wanazuoni huieleza katika mlango wa kuamrishana mema na kukatazana mabaya, na ni haki. Lakini tuzingatie pia wakati wake: mkono hushikwa kabla tundu halijatobolewa.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa ufupi tunawausia wanafunzi na familia zao yafuatayo:

(i) Kabla ya kupanda chombo chochote, tazama namba ya abiria na utazame watu. Ukiona kimejaa kupita kiasi, usipande, hata kama nauli umekwishalipa. Nauli hurudi, roho hairudi.

(ii) Uliza maboya ya kujiokolea yako wapi, na umvalishe mtoto kabla hujavaa mambo mengine mawazoni.

(iii) Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tahadhari ya upepo mkali ikitolewa, hiyo ni bendera nyekundu hata kama ziwa limetulia asubuhi hiyo.

(iv) Wenye mitumbwi wasikae bila taa usiku, wala wasikate mbele ya meli kwa kutegemea kwamba nahodha atawakwepa.

(v) Ukipatwa na dhiki ukiwa kwenye chombo kidogo kisicho na bendera, nyoosha mikono yote miwili pembeni, uiinue na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya dhiki inayotambuliwa kimataifa. Kwa hiyo isifanywe kwa mchezo.

(vi) Kivuko kikichelewa kwa kupisha meli, tusimshinikize nahodha. Dakika kumi za kungoja ni usalama wetu sote.

Ndugu wasomaji, bendera ni kipande cha kitambaa tu. Haina nguvu ya kuisimamisha meli wala kuizuia mashua isizame. Nguvu yake yote iko kwa anayeiona mapema na kuitii. Tunamuomba Allah awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, na azijaalie ajali zilizopita kuwa mazingatio kwetu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ishara huwekwa mwanzoni mwa njia nyembamba na si katikati?
2. Eleza kwa nini meli inayokwenda polepole mno haigeuki vizuri.
3. Uko ziwani usiku, unaona taa nyekundu na ya kijani kwa pamoja. Maana yake nini, na utafanya nini?
4. Muulize mzee mmoja nyumbani kwenu anachokumbuka kuhusu Mei 1996. Andika majibu yake katika daftari lako.

Wabillahi tawfiq.